Pembeni mwa Jamvi la Mama

Siku hizo marehemu walihifadhiwa ndani ya michezo ya simu, na kila alasiri Sikudhani alicheza karata humo na mama yake. Simu za zamani zilipozimwa, alimpelekea fundi Kombo mchezo ule aurekebishe uenee kwenye kioo cha simu mpya.

“Dada, kioo hiki kipana,” fundi alimwambia. “Pembeni palibaki patupu, mtambo ukapajaza wenyewe.”

Nyumbani Sikudhani akaufungua. Mama alikuwa jamvini, anacheka. Pembeni yake alikaa msichana asiyemjua, ameshika karata.

“Mama, ni mimi.”

Mama akainua macho, akamtazama kwa adabu. “Karibu, bibie. Ngoja nimfunge huyu mwanangu mwizi wa karata, halafu utaingia wewe.”

Sikudhani akavuta kigoda, akangoja.