Kizazi cha Kubofya

Ncha ya sindano ilikatikia ndani ya gauni, na biarusi alikuwa mlangoni anavua viatu.

Bibi akapapasa mishono yote, akarudia, asihisi kitu. Miaka arobaini ya kushona ilikuwa imevifanya vidole vyake vigumu kama kisigino.

"Nipe mimi, Bibi," mjukuu wake akasema, akaweka simu chini.

"Wewe, kizazi cha kubofya? Sindano haina chaji, mwenzangu."

"Na nyinyi kizazi cha kupapasa, mmeipata?"

Bibi akamsukumia gauni. Msichana akafumba macho. Kidole gumba chake, laini kama cha mtoto mchanga, kikatembea juu ya hariri, kikabofya, kikasogea, kikabofya tena. Hariri haikupata hata mkunjo. Bibi akainama kutazama.

Kwenye mshono wa ubavuni kidole kikasimama. "Hapa."

Bibi akafumua nyuzi tatu. Kipande cha chuma, chembamba kama mguu wa sisimizi, kikamdondokea kiganjani.

"Hodi! Liko tayari?" biarusi akaita.

Bibi hakugeuka. Alikuwa bado anakitazama kile kidole.

"Subiri kidogo, mwanangu. Fundi hajamaliza kubofya."