Beseni la Kavuo

Askari aliyekuja kutafuta petroli aliwasha njiti ya kiberiti, akaidondosha ndani ya beseni la Kavuo.

Patron wa garage, bosi wa Kavuo, alikwisha kulala chini, mikono juu ya kichwa.

Njiti ilizimika majini. Chii, basi.

Miaka yote Kavuo aliosha vyuma vya injini kwa petroli, na sheria ya patron ilikuwa moja: penye petroli, milango yote miwili iwe wazi. Lakini tangu vita vifike Butembo, patron alifunga milango ili magari yasionekane kutoka barabarani. Kavuo akawa anarudi nyumbani akitapika kwa harufu ya petroli.

Askari alichovya kidole, akanusa. "Hii inanuka jikoni."

"Ni maji ya majivu ya maganda ya ndizi, chef. Ile tunapikiaka maharagi. Nilitia na sabuni. Inatoa gresi, na kifua haiumi."

Patron aliinua uso wenye vumbi. "Tangu lini, Kavuo?"

"Tangu mulifunga mulango."

Askari alipiga teke bidon, dumu la njano lililokuwa chini ya meza. Mfuniko ukaruka. "Na hii?"

"Ile pia ni maji yake, chef," patron akasema haraka.

Askari akawasha njiti ya pili.

Kavuo alimtazama patron. Patron alitazama sakafu.

Kavuo akapangusa mikono kwenye kitenge chake, akaenda kufungua milango yote miwili.