Boliti ya Mbele Kushoto

Boliti ilikuwa imekaza barabara, na ndiyo maana Harlan Pruitt alikuwa amelala chali chini ya gari akiilegeza.

Aliizungusha kidogo tu kwa spana, ile ya mbele kushoto, mpaka tone jekundu likachungulia ukingoni mwa sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi, na kudondokea boksi la karatasi alilotandika sakafuni. Kisha akajivuta nje, akanawa mikono, akampigia simu mwanawe Dale huko Fort Wayne. Kwa sauti ya mtu aliyeonewa akamwambia kwamba gia inavuja tena.

Usimlaumu. Huko Indiana mwanamume hamtembelei baba yake hivi hivi. Lazima kuwe na kitu kimeharibika. Marlene, mke wa Harlan, alipokuwa hai, Dale na mkewe Jodie walikuja kwa sababu ya pai zake. Alipofariki kila mtu akashika njia yake, na mzee akabaki akila supu ya kopo amesimama jikoni, maana meza ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Alikuwa mpweke kiasi cha kuijibu televisheni. Kisha siku moja ya baridi gari likavuja kweli, Dale akaja, wakashinda pamoja gerejini mchana kutwa. Tangu hapo gari halikupona.

Jumamosi Dale alifika mapema, hata kahawa haijachemka. Alikuja peke yake. Jodie ana kazi nyingi, alisema. Kwenye kiti cha nyuma cha gari lake kulikuwa na begi kubwa lililovimba kwa nguo. Pete hakuwa nayo kidoleni, na Harlan alifurahi kuona mtoto bado anakumbuka alichomfundisha: siku ya kushika oili, pete unaiacha nyumbani.

"Baba, hili gari lina kisukari," Dale alisema akipandisha jeki. "Halimalizi mwezi bila daktari."

"Nani alikaza boliti mara ya mwisho?"

"Mimi."

"Basi mlaumu daktari."

Wakamwaga oili kwenye karai, wakafungua sampu na kuifuta, wakaweka gasketi mpya ya kuzuia mvujo, wakakaza boliti zote, wakalishusha gari na kumimina oili mpya kwa faneli. Ndipo ikaja sehemu ambayo Harlan aliipenda kuliko zote, kwa sababu ilitaka watu wawili. Yeye ndani, injini inaunguruma, mguu kwenye breki, akisogeza gia moja moja taratibu. Mwanawe mbele, kichwa chini ya boneti, akisoma kijiti cha kupimia oili. Dale akiita rivasi, Harlan anaitikia rivasi. Hawakusema mengi zaidi ya hayo siku hiyo, na kwa mzee yalitosha.

Wakati wa chakula Dale alizibugia sandwichi kama mtu aliyesahau ladha ya mkate. Macho yake yalikuwa mekundu. Harlan alimtazama, aibu ikamshika. Kijana anaendesha mwendo wote ule, anamwacha mkewe peke yake Jumamosi nzima, kwa ajili ya uongo wa mzee mzima. Hapo hapo akakata shauri kwamba spana hataigusa tena, hata kama nyumba itamla kwa ukimya.

"Ikivuja tena nitaipeleka kwa fundi mjini," alisema. "Wewe kaa na Jodie wako."

Dale aliweka sandwichi chini. "Fundi atakula hela zako bure, Baba."

"Nimeshaamua."

Kabla ya kuondoka Dale alisema ngoja aangalie mara ya mwisho, akajipenyeza chini ya gari na kukaa huko kitambo. Alipotoka alimkumbatia baba yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi, akaondoka bila kupiga honi.

Usiku huo Harlan alilala kwa mang'amung'amu. Asubuhi aliingia gerejini na kikombe chake cha kahawa, akakuta boksi zima limelowa oili nyekundu.

Spana yake ilikuwa bado imetundikwa ukutani, haijaguswa. Akaweka kikombe chini, akalala chali, akanyoosha mkono. Boliti ya mbele kushoto ilikuwa imekaza barabara. Za nyuma, ambazo yeye hakuwahi kuzilegeza hata siku moja, zote zilizunguka kwa vidole vitupu.

Alikwenda kwenye simu. Dale aliipokea kabla haijaita sawasawa.

"Inavuja," Harlan alisema. "Njoo. Na lile begi, safari hii liingize ndani."