Upande Unaonata

Kioo kilinata kwenye mdomo wa chini wa Hadiya.

"Imeshika?" Bwana Hallam aliuliza kutoka nje ya mlango.

"Imeshika, Bwana."

"Basi upande hiyo angalia juu. Ingine!"

Akakibandua, mp!, akakilaza sandukuni gizani. Vilibaki kumi na tisa. Ladha yake ilikuwa ya kwato zilizochemshwa zikasahauliwa jikoni. Alipomaliza alikimbilia nyuma ya kibanda, akatema, akasukutua, akatema tena.

"Umebusu wangapi leo?" Micah mpishi alimwuliza huku akimenya viazi. "Na hakuna hata mmoja aliyeleta mahari!"

Kibanda kilikuwa cha mabati, ukingoni mwa shimo la volkano la Menengai, mahali ambapo upepo ulipanda na uvundo wa kinyesi cha ndege heroe kutoka ziwani. Hapo Bwana Hallam alichunguza miale itokayo angani. Ni chembe ndogo kuliko vumbi, alisema, zinanyesha mchana kutwa na usiku kucha bila mtu kulowa. Zikipenya kioo kilichopakwa gundi yake ziliacha vistari vyeusi, navyo aliviona kwa hadubini baada ya kuosha vioo. Kistari kilianza chembamba. Chembe ikichoka, kilinenepa. Ndivyo alivyojua zilikotoka na zilikoelekea. Zote zilitoka juu, kama mvua.

Lakini gundi ilipakwa upande mmoja tu, na upande huo ulipaswa kulala ukitazama mbingu. Mwanga mdogo tu uliiharibu. Jasho la kidole pia. Kwa hiyo kule gizani ni mdomo peke yake, ukigusa pembeni kabisa, ndio uliotambua upande unaonata.

"Mdomo yangu kwisha kufa," Bwana alimwambia siku ya kwanza, akimwonyesha midomo yenye magamba, iliyogeuka kahawia kwa kiko. "Tumbaku. Yako mzuri." Karanja, aliyeifanya kazi hiyo kabla yake, alikuwa amechukuliwa na askari wa Hali ya Hatari, na hakurudi.

Hadiya alivumilia kwa ajili ya barua. Hospitali moja iliyofunza manesi ilikuwa tayari kumpokea, ingawa shule aliiachia darasa la nne, mradi mwajiri wake aandike kwamba ni mwaminifu na makini. Nafasi hiyo haingemngoja kupita mwezi wa sita.

Siku moja akathubutu kuuliza.

"Bwana, hii gundi ni ya nini?"

"Mifupa na ngozi. Nachemsha, nachemsha."

"Ya ng'ombe?"

Bwana akacheka, mate yakachuruzika kwenye kiko. "Ng'ombe. Nguruwe. Changanya tu!"

Jioni hiyo, nyumbani Bondeni, nyanya yake Safiyo alimsugua ulimi kwa chumvi mpaka ukawaka moto.

"Keshokutwa tunaanza kufunga," nyanya alisema. "Utafunga huku unalamba nguruwe? Hiyo saumu utampelekea nani?"

Asubuhi Hadiya alisimama mbele ya Bwana, macho chini, akamwomba atumie kidole.

"Hapana kidole! Kama hutaki, kwenda. Na barua hapana!"

Siku ya kwanza ya Ramadhani, Bwana alibandika sikio mlangoni. Mp. Mp. Mp. Alihesabu hadi ishirini, akaridhika, akawasha kiko. Hadiya alitoka akipangusa mkono kwenye leso.

"Leo hutemi?" Micah aliuliza.

"Nimeshazoea."

Micah alimkunjia uso, kama aliyemwona akitafuna nzi.

Wiki moja baada ya Idi, Bwana alichomoka kwenye hadubini akiwa amejimwagia chai suruali nzima.

"Hadiya! Micah! Natoka chini! Mstari iko nono huku juu! Hii chembe natoka chini, napita ndani ya dunia yote, natokea hapa Menengai! Nusu ya vioo iko hivyo!"

"Sasa mvua inanyesha kutoka ardhini," Micah alinong'ona.

Bwana aliandikia wenzake Ulaya siku hiyo hiyo. Jibu lilipokuja, lilisema kwamba wataalamu wawili wangefika kwa ndege kujionea wenyewe. Ila walikuwa na swali moja: nani alivipanga vile vioo, na kuna hakika gani kwamba hakukosea?

"Mimi najibu hivi," Bwana alisema, kifua mbele. "Huyu msichana naweka kila kioo mdomoni. Kila kioo! Mimi mwenyewe nasikia, hapa mlangoni."

Kisha akamkabidhi ile barua ya hospitali. Hadiya aliisoma polepole, kwa Kiingereza chake cha darasa la nne, mpaka akayafikia maneno aliyoyatafuta. Mwaminifu. Makini.

"Bwana..." Hadiya alianza.

"Ndiyo?"

Aliyatazama yale magamba midomoni mwake, na mate ya kahawia yaliyoganda pembeni.

"Asante, Bwana."

Akaikunja barua, akaitia kifuani.

"Haya, panga ishirini ingine. Wageni lazima kukuta tayari."

Hadiya akaingia chumba cha giza, akafunga. Alimsikia Bwana akisogea, shavu lake likigusa ubao wa mlango. Akaokota kioo cha kwanza, akakilaza sandukuni jinsi kilivyomjia mkononi, upande unaonata uwe juu au chini. Kisha, kama alivyofanya tangu siku ya kwanza ya Ramadhani, akaubusu mgongo wa mkono wake mwenyewe: mp.