Anayepasi Kila Siku

Salim alimshika Seline mkono mbele ya watu wote, karai la omena, dagaa wa ziwani, likapinduka.

“Hayo maneno umeyatoa wapi?”

Soko zima la Otonglo lilidhani mzee amekasirika. Na kwa nini asikasirike? Yeye ni dobi, vidole vimebabuka kwa makaa na sabuni, na muuza omena ametoka kuwachekesha wateja mbele yake: eti katika nyumba ya dobi, anayepasi kila siku ni dobi peke yake.

“Pole, Mzee,” Seline alisema. “Hiyo ni mchezo tu. Sikujua wewe ni dobi.”

“Sigombi, Mama. Niambie tu umeyatoa wapi.”

Utani ule ulizaliwa nyumbani kwake Nyalenda, mjini Kisumu, siku yalipotoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka wa themanini na tisa. Zamzam, mwanawe wa pekee, alikuwa ameanguka. Salim alikuwa akinyoosha mashati ya watu kwa pasi, na hasira zikamtoa maneno ambayo mzazi hamwambii mtoto. Zamzam akajaribu kumchekesha, kama alivyozoea tangu utotoni.

“Baba, katika nyumba hii anayepasi kila siku ni wewe peke yako.”

Salim hakucheka. Alimwonyesha mlango. Binti akatoka na nguo alizovaa, na tangu hapo hakuna aliyemtia machoni. Hasira zilipopoa, Salim alimtafuta polisi, hospitalini, hata mochari. Nyumbani, yeye na mkewe Rehma walikula kimya, wakalala kimya.

Sasa utani ule uko Otonglo, unatembea kwa miguu yake. Ungetoka kwa nani mwingine? Rehma siku hizi hata salamu za majirani alizijibu kwa shida, sembuse mizaha. Basi Zamzam yu hai! Yu hai, na anataniana na watu!

“Nilipata kwa Metrine, yule anauza miwa Awasi,” Seline alisema huku akizoa omena wake. “Alinichekesha sana. Lakini akaniambia nisikae nayo. Nipelekee wengine.”

Asikae nayo. Mtoto alikuwa anamwita. Alikuwa ametuma neno lipite mdomo kwa mdomo mpaka limfikie baba yake, na baba mwenyewe nusura alipuuze akifikiria bei ya omena.

Hakupita nyumbani kumwambia Rehma. Angempaje tumaini, kisha likiwa la uongo amnyang'anye? Alielekea Awasi moja kwa moja, akiomba njia nzima. Ya Rabi, nikutanishe naye nimwombe msamaha. Sitaki kingine.

Metrine alikuwa akimenya miwa kando ya barabara ya Kericho. Salim alisahau hata kumsalimu.

“Mama, aliyekuambia ule utani wa dobi ni msichana? Mrefu, ana mwanya?”

“Msichana?” Metrine aliweka panga chini. “Hapana, Baba. Ni mama mtu mzima, wa buibui. Nilipata yeye Kisumu, kwa stendi ya basi.”

“Labda yeye alisikia kwa msichana.”

“Sijui. Lakini huyo mama yuko pale kila mara. Basi ikitaka kutoka, anakimbilia kwa dirisha, anaambia watu hiyo maneno, anawaomba wasambaze. Busia, Kericho, kila pahali. Watu wanacheka. Yeye hacheki.”

Salim alijishika kwenye mzigo wa miwa.

“Kwa nini anafanya hivyo?”

“Anasema msichana yake alipotea. Akisikia hiyo maneno huko aliko, atajua nyumbani kwao bado wanamtaka.” Metrine alitikisa kichwa. “Nikamwambia, sasa Mama, si ungetaja tu jina yake, watu wamtafute? Akaanza kulia. Akasema aliapishwa na bwana yake, hiyo jina isitoke tena kwa mdomo yake.”