Bakuli Katikati ya Mto

Mama yake Mirlande alipandisha gauni mpaka magotini, akaingia mtoni kutoka upande wa Haiti, bakuli la supu ya boga kichwani.

"Mama, rudi! Mpaka umefungwa leo!" Mirlande alipiga kelele kutoka ukingo wa Jamhuri ya Dominika, alikokuwa akisoma.

"Wamefunga daraja, mto nao wameufunga? Mwaka mpya huu, na siku tuliyopata uhuru! Mhaiti gani atashinda leo bila supu ya uhuru? Na ulivyokonda, utadhani huko chuoni wanakulisha chaki!"

Wanawake waliokuwa wakifua ng'ambo waliangua kicheko. Mirlande hakucheka. Kibali chake cha mwanafunzi kilikuwa bado kinashughulikiwa, na aliambiwa waziwazi: ukitoka nchini kabla hujakipata, ombi limekufa, na masomo yako ya uuguzi yamekwenda nalo.

Askari wa doria alisogea. "Dada, nchi inaishia hapo uliposimama. Ukilowesha mguu, umetoka. Na wewe mama, hapohapo!"

Mama akasimama katikati ya mto. Akatua bakuli, akalifunua, akalinyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Mimi mwisho wangu hapa, mwanangu. Wako uko wapi?"

Upepo ulileta harufu ya boga na karafuu, ileile ya jikoni kwao.

Bakuli likaanza kumlemea mama, likainama. Supu ikamwagika kidogo, ikachora mstari wa njano majini, ukapita kati yao, ukapotea.

Mirlande akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.