Kurudi Kundini

Kwa miaka saba Eliaichi alisali peke yake katikati ya migomba na kahawa, kwenye kihamba chake kule Masama. Alikuwa amezaa bila ndoa, usharika ukamtenga na meza ya Bwana. Mungu hakuacha kumsikiliza, hilo alilijua. Lakini alichoka kuimba peke yake, na ule mkate aliutamani hadi akauota.

Jumapili hii alisimama mbele ya waumini ili arudishwe kundini. Binti yake alimshika kidole.

“Eliaichi,” mchungaji alimwuliza kwa upole, “unaijutia dhambi iliyokupa mtoto huyu?”

Lilitakiwa neno moja tu. Mkate ulikuwa mezani, na harufu ya divai ilimfikia pale aliposimama. Binti yake akainua uso, naye akisubiri jibu.

“Mchungaji, nilimwomba Mungu mtoto, akanipa. Siwezi kumwambia leo kwamba najuta.”

Mzee wa kanisa akamwonyesha kwa mkono arudi kwenye benchi.

Eliaichi hakurudi. Alipiga magoti palepale mbele ya madhabahu, akakinga viganja vyake viwili, akangoja.